Kabla hujakata klipu ya kwanza: picha za kamkoda ya HD kwenye kompyuta

Malalamiko ninayoletewa kuhusu kamkoda za HD yanafanana sana. Kwenye kioo cha kamera picha ni safi, ikifika kwenye kompyuta inakwamakwama, sauti inaruka, na mtu akipunga mkono, mkono unaota meno pembeni. Anayelalamika mara nyingi ameshajiamulia na tiba: anunue kompyuta mpya. Namwambia asubiri kwanza. Mafaili ya kamkoda yalibuniwa yachukue nafasi ndogo kwenye kadi na yachezwe kwenye televisheni toka mwanzo hadi mwisho. Wewe unataka kuyakatakata, kuyarudisha nyuma na kuyapanga upya, na hapo ndipo karibu kero zote zinapoanzia.

Kamkoda nyingi za kadi hurekodi kwa mfumo wa AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006. Picha hubanwa kwa njia iitwayo H.264, sauti kwa kawaida ni AC-3 ya Dolby, na kasi ya data katika toleo la kwanza haizidi megabiti 24 kwa sekunde. Toleo la mwaka 2011, lililoongeza fremu (picha moja moja zinazounda video) kamili 50 au 60 kwa sekunde, lilifika megabiti 28. Ukirekodi kwa megabiti 17, saa nzima inaingia kwenye gigabaiti 8 hivi. Kwa picha ya pikseli 1920 kwa 1080 hicho ni kiasi kidogo mno, na tutaona hapa chini kimepatikanaje.

Nakili kadi nzima

Fungua kadi ya AVCHD uone ilivyopangwa: folda ya PRIVATE, ndani yake AVCHD, ndani yake BDMV, halafu STREAM, na humo ndimo yalimo mafaili ya video yenyewe, 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea. (Kwenye Mac folda ya AVCHD huonekana kama faili moja, bonyeza kulia uchague kuonyesha yaliyomo.) Wengi wakifika kwenye STREAM wanaburuta MTS zao, wanafuta kadi, wanaendelea na maisha. Wanaacha CLIPINF na PLAYLIST, zenye vifaili vya kilobaiti chache tu ambavyo kwa macho havina kazi. Hivyo ndivyo vinavyoieleza programu ya kuhariri klipu ilirekodiwa lini na faili lipi ni mwendelezo wa lipi.

Huo mwendelezo ndio unaowatesa watu. Kadi yenye mpangilio wa FAT32 haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4, na kamera nyingi hukata mapema zaidi, kwenye gigabaiti 2. Hotuba ya saa moja uliyoirekodi bila kugusa kitufe itakuwa vipande kadhaa, na kamera huwa imekata palepale data ilipofikia, fremu iwe imekamilika au haijakamilika. Ukiviingiza vipande hivyo kimoja kimoja na kuvibananisha kwenye taimlaini (mstari wa muda unakopangia klipu), kila kiungo kitapoteza fremu chache na msemaji atamezwa silabi. Ukiielekeza programu kwenye folda nzima kupitia dirisha lake la kuingizia picha, programu inayoufahamu mfumo huu itakuonyesha klipu moja ndefu bila kiraka.

Kama programu yako haisomi mpangilio wa folda, unganisha vipande wewe mwenyewe, baiti kwa baiti, kwa kuandika amri kwenye dirisha la amri. Kwenye Windows:

copy /b 00003.MTS + 00004.MTS hotuba.MTS

Kwenye Mac au Linux:

cat 00003.MTS 00004.MTS > hotuba.MTS

Fanya hivyo kwa vipande vya rekodi moja tu. Rekodi mbili tofauti zikiunganishwa namna hii, saa ya ndani ya faili inarudi nyuma katikati na programu inachanganyikiwa.

Kila kadi ipate folda yake kwenye diski, yenye tarehe, jina la kamera na namba ya kadi. Kamera nyingi zikiformatiwa huanza tena kuhesabu toka 00000, kwa hiyo ukimwaga kadi mbili kwenye folda moja, MTS ya pili inaweza kuifuta ya kwanza huku wewe umebonyeza "badilisha" bila kusoma. Nakala ziwe mbili kwenye diski mbili tofauti ndipo kadi iguswe. Na kuiformati ufanyie ndani ya kamera yenyewe, maana ndiyo inayojua inavyotaka kadi yake ipangwe.

Kwa nini inakwama

H.264 ya kamkoda haihifadhi kila fremu kamili. Inahifadhi fremu moja kamili, kisha kwa nusu sekunde hivi inaandika mabadiliko tu: nini kimesogea, kimeelekea wapi, nini kimebadilika rangi. Ni sawa na daftari la duka linaloandika mauzo na manunuzi bila kuandika salio kila siku. Ukitaka salio la leo, lazima urudi kwenye siku ya mwisho lilipoandikwa na kupiga hesabu zote toka hapo. Ugumu unazidi kwa sababu baadhi ya fremu hutegemea hata fremu zinazokuja mbele yake.

Ukicheza video toka mwanzo, hesabu hizo zinafuatana vizuri na kompyuta haisumbuki. Ukivuta kishale ovyo kwenye taimlaini, kila unapogusa kompyuta inakimbilia fremu kamili iliyo karibu, inapiga hesabu, inakuonyesha fremu moja, na wewe umeshasogea pengine. Weka tabaka mbili za picha na marekebisho ya rangi juu yake, utaelewa kwa nini feni inalia.

Tiba ziko tatu na mimi sizipi uzito sawa. Ya kwanza haina gharama: angalia kama programu yako imewashiwa usaidizi wa chipu katika kufungua H.264. Prosesa nyingi za Intel toka mwaka 2011 zina Quick Sync, na kadi za michoro (graphics) za kompyuta zina zake. Nimeona mashine iliyoambiwa imezeeka ikitulia kabisa baada ya kisanduku kimoja kuwekwa alama kwenye mipangilio.

Ya pili ni kubadili kila kitu kuwa kodeki (njia ya kubana video) ya kuhariria, kama ProRes ya Apple au DNxHD ya Avid. Kodeki hizi huhifadhi kila fremu peke yake, kwa hiyo kukata ni raha. Shida ni ukubwa. ProRes 422 kwa fremu 25 inakula megabiti 122 hivi kwa sekunde, yaani saa moja iliyokuwa gigabaiti 8 inakuwa 55. Tena haikuongezei ubora hata chembe. Kilichopotea wakati kamera inabana hakirudi. Watu wengi wanafanya hivi wakidhani wanaisafisha picha, na wanaishia kujaza diski.

Ya tatu ndiyo yangu: proksi. Programu inatengeneza nakala ndogo na nyepesi za klipu, unahariri kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi inarudi kwenye mafaili ya asili. Kdenlive na Shotcut, ambazo ni za bure, zinafanya hivyo, na DaVinci Resolve, Premiere Pro na Final Cut Pro pia. Iache mashine itengeneze proksi usiku, asubuhi ukate. Kuna jambo moja la kuzingatia: ukali wa picha, mchanga wa gizani (chembechembe za sehemu zenye giza) na rangi usivihukumu ukiwa kwenye proksi. Rudi kwenye picha ya asili kwa kazi hizo.

Mkono wenye meno

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko kazi nyingi nzuri zinakoharibikia.

Kamkoda nyingi za HD, hasa za miaka ya mwanzo, hurekodi 1080i. Hiyo "i" maana yake kila fremu ya mistari 1080 imeundwa na nusu mbili: moja ina mistari 540 ya namba witiri, nyingine 540 ya namba shufwa, na nusu hizo zilinaswa nyakati mbili tofauti. Kwenye mfumo wa 50i (nusu 50 kwa sekunde) zinapishana kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kilichotulia hakionyeshi kitu. Kilichokimbia kati ya nusu ya kwanza na ya pili kinaonekana mahali pawili kwa wakati mmoja, mstari mmoja huku, mmoja kule. Ndiyo yale meno.

Jaribu hivi: chukua klipu yenye mwendo wa haraka wa kulia kwenda kushoto, isimamishe, usonge fremu moja moja. Ukiona meno, ni picha ya nusu mbili na inahitaji kutenganishwa. Usipoyaona, usiitenganishe hata kama faili linajitambulisha kuwa 50i, kwa sababu kamera nyingi zina hali ya 25p (fremu kamili 25 kwa sekunde) inayofungwa ndani ya 50i. Picha hiyo ni kamili tayari, na kuitenganisha ni kuipunguzia ukali bila sababu.

Inapohitajika, programu nyingi zitakupa njia ya haraka: kutupa nusu moja na kujaza pengo kwa kukisia. Meno yanaondoka, na pamoja nayo unaondoka ule mwendo laini uliokuwa kwenye televisheni. Mimi huifanya kila nusu iwe fremu yake, 50i ikawa 50p. Kwenye FFmpeg (programu ya bure ya kugeuza video kwa amri za maandishi) kichujio cha bwdif hufanya hivyo chenyewe bila kuambiwa. Yadif, ambacho ni cha zamani zaidi, kisipoelekezwa hutoa fremu 25. Kwa michezo, ngoma au watoto wanaokimbia tofauti inaonekana hata kwa asiyejua lolote kuhusu video.

Kuna na mpangilio wa nusu ipi itangulie. HD hutanguliza ya juu, DV (video ya mikanda ya kabla ya HD) hutanguliza ya chini. Mradi ukichanganya hizo mbili na ukaachiwa mpangilio usio sahihi, kila kinachotembea kitatetemeka mbele na nyuma. Ukiona mtetemo wa aina hiyo, anzia hapo.

Sauti na weupe

Klipu ikifunguka picha tu, sauti kimya, kwa kawaida programu haina uwezo wa kusoma AC-3. Huna haja ya kugusa picha, tumia FFmpeg:

ffmpeg -i 00001.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00001.mov

Picha inahamishwa kama ilivyo, sauti inageuzwa kuwa PCM (sauti isiyobanwa) ambayo kila programu inaisoma.

Kuhusu weupe: mawingu na mashati meupe yakionekana yameungua, usiyakatie tamaa. Katika video ya biti 8, weupe rasmi uko kwenye namba 235, lakini kamkoda nyingi huandika taarifa hadi karibu na 255. Fungua kipimo cha mwangaza kwenye programu yako. Ukiona alama zimepita asilimia 100, shusha mwangaza wa sehemu angavu polepole, na mara nyingi umbo la wingu au mikunjo ya shati itajitokeza. Kama juu ya 100 hakuna kitu, limeungua kweli.

Wenye mikanda

HDV ilitangazwa mwaka 2003, nayo huweka picha ya HD kwenye mkanda uleule wa MiniDV kwa MPEG-2, megabiti 25 kwa sekunde kwa 1080i. Hapa hakuna kunakili faili. Mkanda unachezwa, kompyuta inapokea kupitia FireWire (soketi ya zamani ya kuhamishia video), na saa moja inachukua saa moja. Soketi ya USB kwenye kamera hizo kwa kawaida ilikuwa ya picha za mnato, na vile viwaya vya bei rahisi vinavyogeuza FireWire kuwa USB havifanyi kazi. Tafuta kompyuta ya zamani yenye soketi ya kweli au kadi ya kuongeza.

Kagua menyu ya kamera kabla ya kucheza. Ikiwa imewekwa igeuze HDV kuwa DV inapotoa, utapokea picha ya SD (ubora wa kabla ya HD) bila onyo lolote na utajua baadaye. Mkanda ukiwa na doa, HDV huadhibiwa vikali kuliko DV: DV hupoteza vipande vya fremu, HDV inaweza kugandisha nusu sekunde nzima kwa sababu fremu nyingine zote zilitegemea ile iliyoharibika. Rudisha nyuma, cheza tena sehemu hiyo peke yake. Mara nyingi mara ya pili inasomeka. Na watu wakionekana wembamba kuliko walivyo, programu haijatambua kwamba picha ya HDV ni 1440 kwa 1080 yenye pikseli zilizonyooshwa upana kwa 1.33. Sahihisha hilo kwenye sifa za klipu, usiivute picha kwa mkono.

Kutoa na kuhifadhi

Kutoa kazi hakuna siri. Mradi uwe na kasi ya fremu ileile ya kamera, 25 au 50 kwa kamera za mfumo wa 50i, 29.97 au 59.94 kwa nyingine. Kwa YouTube, wao wenyewe wanapendekeza megabiti 8 kwa 1080p ya fremu za kawaida na 12 kwa 50 au 60.

Kazi ikiisha, futa proksi zote na mafaili ya kati; programu itayatengeneza tena siku yakihitajika. Bakiza folda za kadi zilivyotoka kwenye kamera, faili la mradi, na nakala moja ya kazi iliyokamilika kwa ubora wa juu kabisa ambao diski yako inaruhusu.