"Huyu Si Mama Yangu": Hisia Inapokatika Baada ya Kuumia Kichwa

Mtu aliyeumia kichwa kwa ajali anaweza kutoka hospitali akizungumza vizuri, akikumbuka jina lake na njia ya kwao, kisha akamtazama mama aliyemzaa na kusema: huyu si mama, ni mtu aliyejifananisha naye. Familia huchanganyikiwa. Wengine humwona mkaidi, wengine huanza kumsaka mchawi.

Hali hii, ambayo si ya kawaida, huitwa Capgras, kwa jina la daktari Mfaransa Joseph Capgras aliyeieleza pamoja na mwenzake mwaka 1923. Sura mgonjwa anaijua. Atakiri kwamba mtu huyo kafanana na mama yake kabisa. Kilichokatika ni hisia. Tukimwona mpendwa wetu, mwili huitikia kabla hatujafikiri, na viganja hutoa jasho dogo sana linaloweza kupimwa kwa kifaa. Mwaka 1997 watafiti William Hirstein na V. S. Ramachandran, wakiwa Marekani, walieleza habari za kijana aliyeumia katika ajali ya gari. Picha za wazazi wake hazikuusisimua mwili wake ilivyotarajiwa. Lakini akizungumza na baba yake kwa simu, alimtambua papo hapo! Njia ya sauti kuelekea kwenye hisia ilikuwa nzima. Ya sura ndiyo iliyoharibika.

Akili inabaki na fumbo: uso ni wa mama, moyo haumpokei. Inajijibu kwamba huyu ni bandia.

Hata hivyo wapo walioumia sehemu ya mbele ya ubongo ambao miili yao haishtuki kwa sura wanazozijua, na bado hawasemi wamebadilishiwa ndugu. Ndiyo maana wataalamu wengi huamini ipo hitilafu ya pili, katika uwezo wa kuikagua fikra na kuikataa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msimbane mgonjwa kwa vitambulisho na picha za harusi. Ushahidi haulijazi pengo la hisia, na mabishano humzidishia hofu. Mwambieni, "Naona una wasiwasi, niko hapa na wewe." Mama ajaribu kumsemesha akiwa bado nje ya mlango, asikike kabla ya kuonekana. Na usalama msiupuuze: baadhi ya wagonjwa wamewashambulia wale waliowadhania bandia. Panga na visu viwekwe mbali, na akianza kutishia apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.