Je, wajua kwa nini magari ya misuli ya Marekani yanatabiriwa kuhamia kwenye turbo?

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua injini ya V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa lita 6.4 ikaiweka ndani ya gari la ukubwa wa kati lililoitwa GTO, na kwa hatua hiyo ikaipa nguvu desturi ambayo Wamarekani wameishi nayo hadi leo: gari ambalo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulitamani na kulinunua, lenye injini kubwa mbele, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na ambalo mngurumo wake hufika kabla halijaonekana. Kwao magari hayo huitwa magari ya misuli. Aliyetaka nguvu zaidi aliongeza ukubwa wa silinda, basi. Ndiyo maana utabiri kwamba matoleo makali yajayo yatategemea turbo huwashtua mashabiki wengi, na ndiyo maana unastahili kuelezwa kwa utulivu.

Jibu linaanzia kwenye hewa. Ili iungue vizuri, kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa, kwa hiyo anayeitafutia injini nguvu hasumbuliwi sana na namna ya kuongeza petroli. Linalomsumbua ni kuingiza hewa ya kutosha ndani ya silinda katika muda mfupi mno ambao vali imefunguka. Injini ya kawaida huvuta hewa pistoni inaposhuka, kama bomba la sindano linavyovuta dawa, na haiwezi kupata zaidi ya kile ambacho kanieneo ya anga inairuhusu. Hapo mhandisi ana njia mbili: kuipanua silinda, kama walivyofanya Pontiac, au kuibana hewa kabla haijaingia.

Kubana hewa nako kunahitaji nguvu, na tofauti kati ya supachaja na turbo, vifaa viwili vinavyofanya kazi hiyo, ni mahali nguvu hiyo inapotoka. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, kwa kawaida kwa mkanda. Inajibu mara tu dereva anapokanyaga mafuta, na hiyo ni sifa kubwa, lakini kwa mwendo wa juu kabisa inaweza kula makumi ya nguvu za farasi ambazo injini imekwisha kuzitengeneza. Turbo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliombea hataza mwaka 1905, huzungushwa na moshi. Takriban theluthi moja ya nishati iliyomo kwenye petroli hutoka nje pamoja na moshi huo wa moto, nayo turbo huiokota sehemu ya hasara hiyo na kuirudisha kazini, huku kigurudumu chake kikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kanuni ni ileile inayolisaidia lori la dizeli linalopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo huhisi upungufu wake.

Dalili za mabadiliko zinaonekana katika magari yaliyokwisha kutolewa, na mfano wa Dodge ndio ulio wazi zaidi. Kampuni hiyo ilijijengea jina kwa supachaja: Challenger Hellcat ya mwaka 2015 ilikuwa na nguvu za farasi 707, na Demon 170 ya mwaka 2023 ilifikia 1,025 ilipotumia mafuta yenye ethanoli nyingi. Mwishoni mwa mwaka huo Challenger na Charger za zamani zilikoma kuundwa katika kiwanda cha Brampton nchini Kanada. Charger mpya ya petroli imekuja na injini ya Hurricane ya lita 3.0, silinda sita katika mstari mmoja na turbo mbili, ambayo katika toleo lake kali hutoa nguvu za farasi 550. Injini ya V8 ya lita 6.4 isiyo na turbo wala supachaja, iliyokuwa ndani ya Charger ya zamani, ilitoa 485. Ujazo umepungua kwa zaidi ya nusu, nguvu imepanda.

Corvette, gari la michezo la Chevrolet, si gari la misuli kwa maana kamili, lakini kwa mhandisi ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote, kwa sababu inalinganisha injini za ukoo mmoja. Toleo lake la Z06 lina V8 ya lita 5.5 inayovuta hewa yenyewe na kutoa nguvu za farasi 670. Toleo la ZR1, lililozinduliwa Julai 2024, lina V8 ya lita 5.5 iliyojengwa juu ya msingi huohuo, ikaimarishwa na kuongezewa turbo mbili, nalo hutoa 1,064. Wahandisi wake waliziweka turbo karibu sana na mahali moshi unapotokea ili zisichelewe kuchangamka, maana kuchelewa huko ndiko kulikozipa turbo sifa mbaya kwa miaka mingi.

Wamarekani walikuwa na sababu nyingine ya kutoziamini. Mwaka 1962 Oldsmobile iliuza gari la Jetfire, V8 ndogo ya lita 3.5 yenye turbo na nguvu za farasi 215. Hewa iliyobanwa huwa ya moto, na joto likizidi petroli hulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Ili kuzuia hilo, injini ilinyunyiziwa ndani mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye tangi dogo ambalo mwenye gari alipaswa kulijaza mwenyewe. Wengi hawakulijaza. Jetfire ikaondoka sokoni baada ya mwaka 1963, na mafundi wakazing'oa turbo nyingi. Miaka 25 baada ya Jetfire kuzinduliwa, Buick walionyesha kwamba kosa halikuwa kwenye wazo lenyewe: GNX ya mwaka 1987, V6 ya lita 3.8 yenye turbo na kifaa cha kuipoza hewa, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 276 wakati Corvette ya mwaka huo, pamoja na V8 yake ya lita 5.7, ilikuwa na 240. Ziliundwa GNX 547 tu, na mimi nahesabu kwamba hapo ndipo hoja ya turbo ilipothibitishwa.

Wapo wanaosema kwamba kinachosukuma haya yote ni sheria za matumizi ya mafuta, na kwa muda mrefu walikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Lakini sheria iliyotiwa saini Marekani Julai 2025 ilishusha hadi sifuri faini za watengenezaji wanaoshindwa kutimiza viwango hivyo, na mwezi mmoja kabla yake Ram walikwisha kutangaza kwamba V8 ya Hemi ya lita 5.7 inarudi katika pikapu zao za 1500. Ford nao, katika Mustang GTD yenye nguvu za farasi 815, wamebaki na V8 ya supachaja. Utabiri uliosimama juu ya sheria peke yake umepoteza mguu. Uliosimama juu ya ule moshi unaopotea bure bado ni imara.

Kinachobaki ni sauti, na sidhani kwamba ni jambo dogo. Mngurumo wa kusitasita wa V8 ya Kimarekani hutokana na silinda za upande mmoja kutowaka kwa mwachano sawa, hivyo kila bomba hutoa moshi kwa mafungu yasiyolingana. Turbo ikisimama katikati ya njia hiyo huyalainisha mafungu, lakini haiubadilishi mpangilio wenyewe. Silinda sita za mstari mmoja huwaka kwa mwachano sawa, na mngurumo ule haumo tangu mwanzo. Kwa hiyo anayesubiri gari lijalo la misuli na kuhofia sauti yake aulize kwanza idadi ya silinda na mpangilio wake, kisha ndipo aulize kuhusu turbo.