Homa ya ini C: je, tabibu wa kituo cha afya anaweza kuitibu?

Nimepima, nimeambiwa nina homa ya ini C, na papo hapo nikaandikiwa rufaa ya mbali. Kwa nini nisitibiwe hapahapa?

Una haki ya kuuliza. Zamani ugonjwa huu ulitibiwa kwa sindano za intaferoni na vidonge vya ribavirini, miezi sita hadi mwaka mzima. Mgonjwa alishikwa na homa, damu ikapungua, wengine wakapata sonona, na wengi hawakupona. Tiba ya namna hiyo kweli ilimhitaji bingwa. Mwishoni mwa 2013 zikaanza kuingia dawa mpya za vidonge, ya kwanza kuvuma ikiwa sofosbuviri. Leo sofosbuviri na daklatasviri, mara moja kwa siku kwa wiki 12, huponya wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100. Ninasema kupona: kirusi kinatoweka mwilini. Dawa zimebadilika, lakini mkono wa kuandika rufaa haujabadilika, na nauli ya rufaa ndiyo inayowapoteza wagonjwa njiani.

Lakini daktari wa kawaida ataniponya kama bingwa?

Hilo limepimwa. Huko Washington, Marekani, wagonjwa 600 waligawanywa kwa wauguzi waliobobea, madaktari wa kawaida na mabingwa. Wauguzi na madaktari wale walifundishwa kwa saa tatu tu. Matokeo yalitolewa 2017: waliopona walikuwa takribani asilimia 89 kwa wauguzi, 87 kwa madaktari wa kawaida na 84 kwa mabingwa. Hakuna aliyeachwa nyuma.

Kwa majirani zetu Rwanda, mpango uliozinduliwa Desemba 2018 ulilenga kupima watu milioni 4 na kutibu 112,000 ndani ya miaka mitano. Kazi ya ukubwa huo haibebwi na mabingwa wachache wa Kigali, kwa hiyo tiba ilishushwa hospitali za wilaya, kisha vituo vya afya, mikononi mwa madaktari wa kawaida na wauguzi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza hivyo kwa nchi zote.

Mimi ni tabibu. Sijawahi kumwanzishia dawa mgonjwa hata mmoja, na kusema kweli naogopa. Nianzie wapi?

Anza na kipimo. Kile cha haraka cha tone la damu kinaonyesha kingamwili tu, yaani mtu aliwahi kukutana na kirusi. Takribani watu 30 katika 100 hupona wenyewe bila dawa, na kingamwili inabaki. Usimpe mtu dawa, wala usimtie hofu, kabla ya kipimo cha kirusi chenyewe. Mashine ya GeneXpert mnayotumia kwa kifua kikuu inaweza kukifanya, mkiwa na katriji zake.

Pili, ini limeharibika kiasi gani? Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani lazima kuwe na mashine ya gharama. Chukua kikokotoo cha simu. Mama wa miaka 42 ana AST 48 na ALT 49 (vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu), na chembe sahani, zile za kugandisha damu, 240. Zidisha umri kwa AST: 2,016. Kipeuo cha pili cha ALT, yaani 49, ni 7. Zidisha kwa 240, unapata 1,680. Gawanya: 1.2. Hiyo ndiyo FIB-4, alama ya kukadiria makovu ya ini. Chini ya 1.45, makovu makubwa kwenye ini hayatarajiwi, na mama huyu ni wako. Ikizidi 3.25, omba ushauri wa bingwa.

Tatu, pima homa ya ini B na VVU. Kirusi cha B kilicholala kinaweza kuamka wakati wa kutibu C, na hili usiliruke hata siku moja. Kisha mwombe mgonjwa amwage mezani dawa zote anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, na kabamazepini na fenitoini za kifafa, huzidhoofisha dawa hizi. Mwenye kifua kikuu amalize kwanza dozi yake. Amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, pamoja na sofosbuviri inaweza kushusha mapigo ya moyo kwa hatari. Mjamzito naye kwa kawaida husubiri.

Ukishavuka hapo, kazi inafanana na ile unayoifanya kila siku kliniki ya VVU: kuhesabu vidonge na kumtia moyo mtu arudi. Wiki 12 baada ya kumaliza dozi, rudia kipimo cha kirusi. Kisipoonekana, amepona.

Nani basi apelekwe mbele?

Mwenye macho ya manjano, tumbo lililojaa maji, anayetapika damu au kuchanganyikiwa; mwenye ugonjwa mkubwa wa figo; na aliyekwisha kutibiwa kwa dawa hizi asipone.

Mdogo wangu anajidunga heroini. Aliambiwa aache kwanza, ndipo atibiwe.

Ndugu yangu, pole. Kuacha si sharti la tiba. Wanaojidunga ndio wanaoambukizwa zaidi, kwa kuchangia sindano na hata pamba na maji ya kuchanganyia, na wakinywa dawa wanapona kama wengine. Hapa naona tatizo ni jinsi tunavyowapokea. Tabibu anaweza kujua dozi zote kichwani, lakini akimwita mtu “teja” mbele ya foleni, mtu huyo harudi tena. Kliniki za methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kama ile iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, zinamwona mgonjwa kila siku. Panapokuwa na dawa za homa ya ini, hakuna mahali pazuri zaidi pa kumpa kidonge chake.

Mweleze pia kwamba kupona hakuleti kinga. Anaweza kuambukizwa tena, na akiambukizwa atatibiwa tena. Awe na sindano yake mwenyewe, mpya kila mara. Nenda naye siku ya kwanza, umkalie karibu kwenye benchi.