Kabla hujanunua leseni ya Windows, angalia kama huna

Ukipita Darajani, Unguja, na laptopu kwapani hukosi mtu wa kukupigia Windows, yaani kukuwekea upya. Huku kwetu Wete, Pemba, mafundi si wengi hivyo, kwa hiyo majirani wananiletea mimi, na wiki haipiti bila kuletewa mashine yenye yale maandishi ya kijivu chini kulia, yanayotaka Windows iaktivetiwe, yaani ithibitishwe kuwa ina leseni. Maneno wanayokuja nayo ni yale yale.

"Leseni imeisha, nitafutie nyingine"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo lenye hasara, kwa sababu mara nyingi mtu anataka kununua kitu ambacho tayari ni chake. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wa laptopu huuandika ule ufunguo wa leseni, wa herufi na tarakimu 25, ndani ya chipu ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ndiyo maana ukiigeuza laptopu ya miaka hii huioni tena ile stika ya namba. Ufunguo huo hauna tarehe ya kuisha. Ukifomati upo, ukibadilisha hadidiski upo. Piga Windows ya aina ile ile iliyokuja na mashine, iunganishe na intaneti, itajiaktiveti bila kukuuliza kitu.

Balaa linaanzia kwenye hiyo "aina ile ile". Windows ina aina zake, kama Home na Pro, na laptopu nyingi za matumizi ya nyumbani huja na Home. Fundi naye flashi yake ina Pro, na Pro ndiyo anayompigia kila mteja. Ufunguo wa Home haufungui Pro, basi maandishi ya kijivu yanatokea, na wewe unaambiwa leseni imeisha.

Mwalimu mmoja wa skuli, jirani yangu, alilipa mara mbili hivyo: kupigiwa Windows, kisha kutafutiwa leseni. Leseni yenyewe ikakata baada ya miezi sita. Alipokuja kwangu tulihamisha mafaili yake kwenye diski ya nje, tukapiga Home upya (kutoka Pro kurudi Home hakuna njia ya mkato), tukawasha hotspoti ya simu. Maji ya chai hayajachemka, kompyuta imeshajitambua.

"Kumbe nilikuwa nayo, mwanangu?"

"Ulikuwa nayo, mwalimu, toka siku ulipoinunua."

Kwa zile used za Dubai fikiria kinyume chake: nyingi zilikuwa za maofisini, na huko Pro ni kawaida. Ukiwa nayo hiyo, Pro ya fundi huenda ikakubali bila taabu.

"Imeandika imeaktivetiwa, basi ni halali"

Ile miezi sita ya mwalimu ina maelezo yake. Kampuni na vyuo hununua leseni za jumla. Kompyuta zao huripoti kwenye seva ya ofisi, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, na kila zikiripoti hupewa siku 180. Kraki, yaani vijiprogramu vya kuihadaa Windows ijione ina leseni, nyingi zinazozunguka mitaani kazi yake ni kujifanya seva hiyo. Siku inaposhindwa kujifanya, maandishi yanarudi.

Unaweza kujikagulia mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, gonga Enter. Kikitoka kidirisha chenye tarehe ya kuisha, na kompyuta ni ya nyumbani kwako, umeshajua ulichouziwa. Kisipotoa tarehe usishangilie bado, maana ziko kraki zinazopita hapo pia. Na zile namba za bei ya chee kwenye mitandao, nyingi ni za leseni hizo hizo za jumla, zimekatwakatwa na kuuzwa moja moja. Microsoft ikiifunga namba, aliyekuuzia humpati.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni pale unapoambiwa uzime antivairasi kwanza ndipo kraki iingie. Huyo ni mgeni anayetaka uondoe komeo ndipo akupigie hodi.

"Nimeilipia, naihamishia mashine yoyote"

Inategemea uliipataje. Iliyokuja na mashine hubaki na mashine hiyo. Uliyoinunua peke yake unaweza kuihamisha, ila ikae kwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mazabodi, Windows huiona kama kompyuta nyingine kabisa. Kwa hiyo iunganishe leseni na akaunti yako ya Microsoft mapema, kabla umeme haujarudi kwa kishindo ukaondoka na bodi.

"Nisipolipia, kazi zangu zitafutika"

Hazifutiki. Windows isiyoaktivetiwa inakuudhi kwa maandishi na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma, lakini inafungua mafaili na inapokea masasisho ya usalama. Microsoft 365, zile Word na Excel za kulipia kwa usajili, usajili wake ukiisha utasoma na kuchapisha, ila hutaweza kuhariri. Anayeandika barua na mitihani tu namwekea LibreOffice, programu za ofisi ambazo ni za bure na hazitaki ufunguo. Programu za ofisi za bure si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili kabisa.

Windows 10 ni habari nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida. Leseni yake haikufa siku hiyo. Kilichokoma ni masasisho ya bure kwa wote.

"Ufunguo umekataliwa, basi ni feki"

Tazama saa kwanza! Deskitopu yenye betri ya mazabodi iliyokufa husahau tarehe kila umeme ukikatika, na sisi tuliokaa gizani wiki kadhaa Unguja mwaka 2008 hatuhitaji kuelezwa kukatika kwa umeme ni nini. Kompyuta inayodhani iko miaka kumi nyuma haielewani na seva za kuaktiveti, na hata tovuti za kawaida hugoma kufunguka. Betri yenyewe aghalabu ni CR2032, bapa kama sarafu. Ibadilishe, weka tarehe sawa, kisha uingize ufunguo wako ule ule.