Busu linabadilishiwa chaneli, kofi linaachwa

Saa mbili na nusu usiku sebule imejaa: baba, mama, watoto, bibi aliyekuja mjini kutibiwa, na dada wa kazi aliyekaa mkekani karibu na mlango. Tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili inaendelea. Kijana na binti wanasogeleana, na kabla hawajagusana baba ameshahamia chaneli nyingine. Dakika moja baadaye wanarudi, wanamkuta mama mkwe akimmwagia mkamwana wake chai na kumwita maskini asiye na asili. Hapo hakuna anayegusa rimoti. Watoto wanacheka.

Katika mazungumzo yetu na wazazi, suala la runinga na maadili haliishi kuulizwa, na mara nyingi linahusu busu, mavazi na video za muziki. Hofu hiyo ni ya haki na sheria inaitambua. Lakini tunaofuatilia jambo hili kitaalamu tuna hofu kubwa zaidi juu ya yale yanayopita sebuleni kila usiku bila mtu kushtuka. Mtoto anajua busu lina walakini, maana amewaona wakubwa wakihangaika kulikimbia. Kofi, tusi na dharau anaviona vikipita kimya, naye anachukua kuwa ndivyo watu wanavyoishi.

Wapo watayarishaji wanaojitetea kwamba mwisho wa filamu mtu mbaya huadhibiwa, kwa hiyo funzo limepatikana. Hoja hiyo ilipimwa zamani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto wa chekechea filamu fupi ya mtu mzima akimpiga na kumfokea mdoli mkubwa. Kundi moja liliona mpigaji akisifiwa na kupewa peremende na soda. Kundi jingine liliona akikaripiwa na kuchapwa. La tatu halikuona sifa wala adhabu. Watoto walipoachwa na mdoli kama ule, walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wenzao. Ukiishia hapo utasema watayarishaji wana haki. Bandura hakuishia hapo. Aliwaahidi watoto wote zawadi wakimwonyesha kila walichokumbuka, na tofauti ile ikatoweka. Walioona adhabu walikuwa wameyashika mapigo yaleyale sawasawa na wengine. Walikuwa wamejizuia tu, wakisubiri siku yenye faida.

Sasa zitazame filamu zetu nyingi. Saa nzima na zaidi ni utapeli, usaliti wa ndoa na kulishana sumu, kila hatua ikionyeshwa kwa ufundi. Dakika tano za mwisho wanafika polisi au mchungaji. Kwenye tamthilia ya vipindi mia moja adhabu huja miezi kadhaa baadaye, na mtoto wa miaka saba siku hiyo huenda alishalala. Kilichomkaa ni namna ya kufanya.

Mazoea haya yanaweza kubadili hata maadili ya jamii iliyotulia. Eneo la Nadroga, visiwani Fiji, lilipata runinga mwaka 1995. Kwa mila za huko mwili mnene ulikuwa dalili ya mtu aliyetunzwa na ndugu zake. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari wakati runinga ndiyo kwanza imefika, kisha akawahoji wengine wa rika hilo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Hakuna kipindi kilichowaamuru watapike. Usiku baada ya usiku waliona wanawake wembamba wakipendwa, wakiajiriwa na kusifiwa, na hukumu juu ya mwili mzuri ikahama.

Nguvu hiyohiyo imewahi kujenga. Wachumi Robert Jensen na Emily Oster, katika utafiti wa mwaka 2009 kuhusu vijiji vya India vilivyofikiwa na runinga ya kebo, waligundua kuwa wanawake waliokubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke walipungua, na upendeleo wa kuzaa wavulana nao ukapungua. Hapa kwetu tuna ushahidi wa redio: mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, Dodoma iliachwa kwanza ili iwe eneo la kulinganishia. Mikoa iliyousikia ilionyesha mabadiliko makubwa zaidi katika uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Nasema haya kwa wale wanaotushauri tuwaambie watu watupe runinga nje. Zanzibar ina runinga tangu 1973 na Tanzania Bara tangu 1994. Wengi wa wazazi vijana wa leo wamekua nayo, na hawataitupa.

Kinachoniumiza zaidi ni kamari. Mtoto wa darasa la sita anayetazama mpira na baba yake saa kumi alasiri anajua odi (kiwango cha malipo ya dau) ni nini, anajua mkeka umechanika (tiketi ya kubeti imepoteza) maana yake nini, na hajawahi kuambiwa na mtu mzima hata mmoja kwamba fedha nyingi za wachezaji hupotea. Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka vipindi na matangazo kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku viwafae watu wa rika zote. Hata hivyo, matangazo ya kamari yalijaa saa hizo hadi bodi iliyokuwa ikisimamia michezo ya kubahatisha ikayasimamisha yote kwa siku 30, Aprili 2025. Baba aliyekimbia busu usiku aliyaacha haya mchana kutwa.

Dawa ya kwanza anayo bibi. Mzee anayeisemesha runinga, "Loo, huyu naye hana adabu, anamtukana mtoto wa watu kwa sababu ya umaskini wake!" anafanya kazi kubwa ya malezi. Tendo limetajwa kwa jina lake mbele ya mtoto, hukumu ya nyumba hii imesikika, na dada wa kazi pale mlangoni amesikia pia. Kuhamisha chaneli hakumwambii mtoto kitu zaidi ya kwamba kuna jambo analofichwa. Semeni. Muulizeni mtoto: ungekuwa wewe ndiye unayemwagiwa chai, ungejisikiaje? Na kichekesho kinachomdhihaki mfanyakazi wa ndani kwa lafudhi ya kwao kisichekewe mbele ya huyo aliyepika chakula chenu.

Ving'amuzi vingi vina kufuli ya namba ya siri kwa vipindi vya watu wazima. Badilisheni namba iliyotoka kiwandani, maana watoto wanaijua. Kwa wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Kituo kikikosea, usiishie kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Andika jina la kituo, kipindi, tarehe na saa, na eleza ulichokiona bila kutia chumvi. Anza na kituo chenyewe kwa maandishi, ubaki na nakala. Usiporidhika, Tanzania peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ina Kamati ya Maudhui. Kenya ipo Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa upangaji wa filamu kwa umri ipo bodi ya KFCB. Na barua hiyo isiwe ya busu peke yake. Kipindi kinachofanya kipigo cha mke kuwa kichekesho saa moja jioni kinastahili barua vilevile.