Kila skripti ni nzima, seva inakufa: dhana potofu nilizochoka kuzisikia

"Kila skripti tumeijaribu peke yake, zote ziko sawa. Shida ni seva."

Mteja akishaanza tu "kila skripti...", siku hizi namalizia mwenyewe. Mazingira ni yaleyale: Apache 2.4 (programu ya seva ya wavuti), na ukurasa kabla haujamfikia msomaji unapitishwa kwenye vichujio vitatu au vinne vilivyofungwa pamoja kwa `SetOutputFilter`. Kimoja kinabandika bango la juu, cha pili kinageuza viungo vya http kuwa https, cha tatu kinafuta nafasi tupu, halafu DEFLATE, kichujio cha Apache chenyewe, inabana ukurasa uwe mdogo. Kila kichujio kiliandikwa na mtu wake, mwaka wake, na hakuna kati yao aliyewahi kuona kazi ya mwenzake. Asubuhi seva inaganda, jioni inaanguka kabisa.

Ukweli ni kwamba kuijaribu skripti peke yake hakukuambii lolote kuhusu mnyororo. Kwenye terminali unaipa faili zima, inasoma hadi mwisho, inatoa jibu, unafurahi. Ndani ya Apache, tangu toleo la 2.0 lilipotoka mwaka 2002, ukurasa unapita kwenye vichujio vipande vipande, na mpaka wa kipande haujali HTML yako. Kipande kimoja kinaweza kuishia na `</bo`, kinachofuata kikaanza na `dy>`. Moduli inayotafuta `</body>` ndani ya kipande kimoja haitaiona. Iliyoandikwa kwa makini inatunza mkia wa kipande hadi kijacho kifike. Iliyoandikwa ovyo ama inalimbikiza kila kitu kwenye memori ikingoja kitu ambacho kimeshapita, ama inagusa anwani isiyo yake, nawe unakuta kwenye logi `AH00052: child pid 4127 exit signal Segmentation fault (11)`.

Hayo ni ya moduli zinazoishi ndani ya Apache. Skripti za nje, zile za mod_ext_filter (moduli inayopitisha ukurasa kwenye programu iliyo nje ya Apache), zina maradhi yake. Ninalokutana nalo sana ni hili: skripti ya pili inaiita ya tatu kimyakimya. Inafungua paipu (njia ya kupitishia data kati ya programu mbili), inasukuma ukurasa wote, ndipo inaanza kusoma jibu. Kwenye Linux, paipu kwa kawaida inabeba KB 64, basi. Ukurasa wa KB 40 unapita bila tabu. Leta wa KB 400: ya tatu inajaza paipu ya kurudishia jibu na kusimama hadi isomwe; ya pili nayo imeshajaza paipu ya kwenda, inangoja nafasi ipatikane. Zinangojeana. Hakuna kosa lililotokea, kwa hiyo hakuna mstari kwenye logi. Na nyie mlijaribu kwa ukurasa wa "Wasiliana nasi"! Kwa Python dawa yake ni `communicate()`, inayoandika na kusoma kwa pamoja, na nyaraka za Python zinaonya waziwazi kuhusu jambo hili. Tatizo ni kwamba hazisomwi.

Kuna na mpangilio. Ukurasa ukitoka seva ya nyuma tayari umebanwa kwa gzip, kichujio cha maandishi hakina maandishi ya kusoma. Skripti ya Python inakata roho na `can't decode byte 0x8b in position 1`. Hiyo 0x8b ni baiti ya pili ya data yoyote ya gzip. Ukiiona, acha kuhangaika na UTF-8. Weka INFLATE (kinachofumua gzip) mwanzo, kazi yako katikati, DEFLATE mwisho.

Ninachowaambia wateja, na wengi hukataa mara ya kwanza kwa sababu kinaonekana cha kitoto: ondoa vichujio vyote, rudisha kimoja kimoja kwa mpangilio wake, na kila hatua omba kwa `curl`, programu ya kuvuta kurasa kwenye terminali, ukurasa wa MB 1. Nasema MB 1, si ukurasa wa mbele.

"Tuongeze RAM na MaxRequestWorkers."

Hapa Apache wenyewe wana lawama kidogo, maana logi inakushauri hivyo: AH00161, umefika kikomo cha MaxRequestWorkers (maombi yanayohudumiwa kwa wakati mmoja), fikiria kukiongeza. Mtu anasoma, anapandisha kutoka 256 hadi 1000. Lakini zile prosesi 256 hazikuwa zimezidiwa na kazi. Zilikuwa zinangoja skripti zilizokwama kwenye paipu. Ukiongeza kikomo, unaongeza za kukwama. Tena kila ombi linazaa prosesi moja kwa kila kichujio cha nje. Vichujio vitatu kwa maombi 256 ni prosesi 768 za ziada. Kila moja ikishika MB 20, hizo ni GB 15. Kerneli, kiini cha Linux, inaanza kuchinja prosesi, na `dmesg` (ujumbe wa kerneli) inaandika `Out of memory: Killed process`. Ndiyo maana asubuhi ilikuwa imeganda tu, na baada ya "marekebisho" ikaanguka.

"Skripti iliyotajwa kwenye logi ndiyo mkosaji."

Mara nyingi ni majeruhi. Ya kwanza ikifa katikati ya kazi, ya pili inapokea ukurasa nusu na ndiyo inayopiga kelele. Fuata mnyororo kurudi nyuma. Kama ni Segmentation fault, weka `CoreDumpDirectory` (mahali pa kuhifadhi picha ya memori prosesi inapokufa), au kwenye mashine ya majaribio endesha `httpd -X` ndani ya gdb, chombo cha kuchunguza programu, uisome `bt`, orodha ya funksheni zilizoitana hadi ikafa. Kubahatisha hapa ni kupoteza muda.

"Logi inasema 200, ukurasa ulifika."

Namba hiyo inakwenda na vichwa vya jibu, na vichwa vinatangulia mwili. Kichujio kikifa baada ya hapo, 200 haiwezi tena kurudishwa. Ongeza `%X` kwenye LogFormat, mpangilio wa mistari ya logi. Herufi X ikitokea, muunganisho ulikatika kabla jibu halijakamilika. Ongeza na `%O` ya mod_logio, inayohesabu baiti zilizotumwa, kisha linganisha baiti za ukurasa uleule siku nzuri na siku mbaya.

"Ukiwasha upya inapona."

Inapona, na ushahidi wote unaondoka. Kabla hujagusa chochote, `ps auxf > /tmp/ps.txt`, kisha `strace -p`, inayoonyesha programu inaiomba kerneli nini, kwenye moja ya skripti zilizoganda. Ukiikuta imesimama kwenye `write(1,` na haisogei, paipu yake imejaa na hakuna anayeisoma upande wa pili. Ukishayapata hayo, washa upya.