Je, wajua kwa nini mboji ya nguruwe huwa na shaba nyingi kuliko samadi iliyoizaa?

Wengi huamini kwamba samadi ikishaozeshwa vizuri imesafishika. Imani hiyo ina msingi: rundo lenye hewa na unyevu wa kutosha hupanda joto hadi nyuzi 55 na kuendelea, na likikaa hivyo siku kadhaa vimelea vya magonjwa, mayai ya minyoo na mbegu nyingi za magugu hufa. Hata mabaki ya baadhi ya dawa huvunjikavunjika. Tatizo ni kudhani kwamba shaba na zinki nazo zimo kwenye mkumbo huo. Hizo ni elementi. Hakuna bakteria wa kuzila akazimaliza, wala haziondoki na mvuke.

Hufika bandani kupitia chakula. Mtoto wa nguruwe huhitaji takriban miligramu 6 za shaba kwa kilo ya chakula, lakini wafugaji wa kibiashara wamekuwa wakitia 125 hadi 250, kwa kuwa kiasi hicho humkuza haraka. Zinki oksaidi nayo ilitolewa kwa kipimo cha dawa kuzuia kuhara baada ya kuachishwa kunyonya, mpaka Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku mwaka 2022. Sehemu kubwa ya madini hayo hutoka na kinyesi.

Ndani ya rundo, mambo huenda kama mchuzi uliosahaulika jikoni: chumvi ni ileile, ila mchuzi umepungua, na sasa haulambiki. Tofauti ni kwamba hapa kinachopotea si maji tu, bali kaboni, ambayo vijidudu huila na kuitoa kama hewa. Tuseme samadi kavu kilo 1,000 ina shaba gramu 200, yaani miligramu 200 kwa kila kilo. Ikioza zikabaki kilo 600 kavu, gramu ni zilezile 200, lakini kila kilo sasa imebeba miligramu 333.

Wingi huo, hata hivyo, si sumu moja kwa moja. Mboji inapoiva, shaba huing'ang'ania, na ile inayoyeyuka kwenye maji mara nyingi hupungua. Zinki haitabiriki hivyo, na udongo wenye asidi huilegeza. Isitoshe, majaribio mengi ya kuozesha huchukua wiki au miezi, ilhali shaba hukaa shambani miaka na miaka.

Cha ajabu, China, inayofuga karibu nusu ya nguruwe wote duniani, katika kiwango chake cha mbolea-hai, NY/T 525, imeweka ukomo wa arseniki, zebaki, risasi, kadimiamu na kromiamu. Shaba na zinki hazimo.

Kondoo ndiye asiyestahimili. Ini lake hulimbikiza shaba bila kuitoa ipasavyo, ndiyo maana wafugaji hushauriwa wasimrudishe kwenye malisho yaliyomwagiwa samadi ya nguruwe mpaka mvua iyaoshe majani.